Rada Huiona Meli, Lakini Ngalawa Haiioni

Watu wa pwani ya kusini ya Kenya, tangu Tiwi hata Vanga, wamezoea kuitazama bahari kwa macho yao. Mzee aliyeketi chini ya mkungu ufuoni Msambweni huweza kutambua, kwa kuangalia tanga tu, kama chombo kijacho ni ngalawa ya pale pale au ni dau la Pemba, na mara nyingi humtaja nahodha kabla hajafika karibu. Lakini macho ya binadamu yana mpaka wake. Chombo kikizidi maili chache, au usiku ukiingia, au mvua ya masika ikishuka, mzee huyo haoni kitu. Siku hizi lipo jicho jingine liitazamalo bahari hiyo hiyo, nalo halizuiwi na giza, wala mawingu, wala mvua. Jicho hilo ni rada ichukuliwayo na setilaiti, na nyuma yake ipo kompyuta iliyofundishwa kutambua kila chombo ni cha namna gani.

Yawapasa wavuvi, pamoja na wale wafanyao kazi katika ofisi zinazoshughulikia mambo ya wavuvi, waelewe vizuri jicho hilo laona nini na halioni nini. Maana wako watu wanaodhani kwamba siku hizi hakuna kitu baharini kiwezacho kufichika, na kwamba mvuvi akipotea, wakubwa watabonyeza kitufe na kumwona. Mambo sivyo yalivyo. Rada hiyo huiona vizuri meli ya chuma iliyo mbali, lakini ngalawa ya mbao iliyo karibu huenda isiione kabisa. Mvuvi asiyeijua tofauti hiyo aweza kuitegemea rada siku ambayo haiwezi kumsaidia.

Asili ya rada

Neno rada ni geni, lakini jambo lenyewe si la ajabu. Mtu akipiga ukelele katika mapango ya Shimoni, sauti yake hugonga jiwe na kumrudia. Mwangwi ukirudi upesi, hujua kwamba ukuta uko karibu. Ukichelewa, hujua kwamba uko mbali. Popo nao huruka gizani kwa njia hiyo hiyo. Rada hufanya kazi kama popo, ila badala ya sauti hupeleka mawimbi ya redio, ambayo huenda kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa kila sekunde moja. Mawimbi hayo yakigonga kitu, sehemu yake hurudi, na mtambo hupima muda yaliotumia kwenda na kurudi.

Yafaa kukumbuka kwamba mtu mmoja katika wa kwanza kabisa kuonyesha kazi ya namna hii alikuwa akifikiria usalama wa meli. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha katika mto Rhine, mjini Köln, mtambo uliotambua meli zilizokuwa zikipita. Nia yake ilikuwa kuzuia meli zisigongane penye giza na ukungu. Watu wa wakati ule hawakumjali, na mtambo wake haukupata wanunuzi.

Miaka mingi ikapita. Tarehe 26 Februari 1935 Robert Watson-Watt na mwenzake Arnold Wilkins walionyesha, karibu na mji wa Daventry huko Uingereza, kwamba eropleni iliyo angani yaweza kutambuliwa kwa mawimbi ya redio. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kazi hiyo ikaharakishwa sana, na pwani ya Kenya nayo ikapata sehemu yake. Mwaka 1940 wataalamu wa Afrika Kusini walioongozwa na Basil Schonland walileta rada waliyoitengeneza wenyewe mjini Johannesburg, wakaisimamisha Mambrui, kaskazini ya Malindi, ili kujihadhari na eropleni za Waitalia. Kwa hiyo yapata zaidi ya miaka 80 tangu rada ya kwanza ilipoanza kuichungulia bahari ya Kenya.

Jinsi picha ipatikanavyo

Rada ya Mambrui haikutoa picha. Iliweza kueleza kwamba kuna kitu, na kwamba kiko umbali fulani, basi. Kupata picha kwahitaji eriali ndefu, na kadiri rada inavyokuwa mbali na kitu, ndivyo eriali inavyotakiwa kuwa ndefu zaidi. Mwaka 1951 Mmarekani Carl Wiley alifikiri njia ya kuondoa shida hiyo. Rada ikichukuliwa na chombo kiendacho, huweza kupeleka mawimbi na kupokea mwangwi mara nyingi njiani. Kisha mwangwi huo wote ukiunganishwa kwa hesabu, huwa kana kwamba ulipokewa na eriali moja yenye urefu sawa na njia iliyosafiriwa.

Mfano ulio wazi kwa watu wa Kwale ni setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-1. Ya kwanza ilirushwa tarehe 3 Aprili 2014, na ya pili mwaka 2016. Hiyo ya pili iliharibika Desemba 2021, na nyingine ikarushwa Desemba 2024. Setilaiti hizo huenda juu ya dunia kwa kimo cha kilomita 693 hivi, nazo hupita karibu na saa kumi na mbili, asubuhi au jioni. Eriali ya kila moja ina urefu wa mita 12 na kidogo. Lau si ufundi ule wa kuunganisha mwangwi, ingehitajiwa eriali ya zaidi ya kilomita 2 ili kupata picha ya namna hiyo hiyo. Kwa mara moja hupiga picha ya ukanda wenye upana wa kilomita 250. Upana huo waweza kuchukua ufuo wa Msambweni, kisiwa kizima cha Pemba, na bahari kuu iliyo nyuma yake. Tena picha hizo hutolewa bure kwa kila mtu duniani azitakaye.

Picha ya rada haifanani na picha ya kamera. Haina rangi, ila weusi na weupe, na anayeitazama kwa mara ya kwanza aweza kudhani ni kitambaa kilichonyunyiziwa chumvi. Maji yaliyotulia ni kama kioo: huyatupa mawimbi ya rada upande wa pili yasirudi, na kwa sababu hiyo bahari shwari huonekana nyeusi. Kusi ikivuma na kuichafua bahari, sehemu ya mawimbi ya rada hurudi, na maji hugeuka kuwa ya kijivu. Kuta za hoteli za Diani na mapaa ya mabati hung'aa. Na meli ya chuma, yenye pembe nyingi, milingoti na makasha, hung'aa kama nyota penye usiku usio na mwezi.

Jinsi kompyuta itambuavyo chombo

Hapo mwanzo mtu alikaa mbele ya picha, akazitafuta nukta nyeupe kwa macho yake. Lakini picha moja yaweza kuwa na nukta milioni 700 hivi, na kila siku huletwa picha nyingine nyingi. Hakuna ofisi yenye makarani wa kutosha kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu ikakabidhiwa kompyuta.

Kazi hiyo ina hatua tatu. Kwanza, kompyuta huilinganisha kila nukta na bahari iliyo kandokando yake. Nukta ikiwa nyeupe kupita kiasi, hutiwa alama. Pili, huondolewa vile visivyo vyombo, kama vile mawe, visiwa vidogo mfano wa Kisite, na povu la mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Tatu ndio utambuzi wenyewe: je, hiki kilichobaki ni meli ya mizigo, au ya mafuta, au ya uvuvi? Hapo kompyuta hupima urefu wake, hutazama jinsi mng'ao ulivyopangika toka omo hata tezi, na hufikiri habari za mahali penyewe, kama kina cha maji na umbali wa pwani.

Kompyuta haikuzaliwa na ujuzi huo. Hufundishwa kama mtoto afundishwavyo majina ya samaki: huonyeshwa changu, akaambiwa huyu ni changu, huonyeshwa tafi, akaambiwa huyu ni tafi, na baada ya kuonyeshwa mara nyingi huanza kutambua mwenyewe. Mwaka 2021 idara moja ya ulinzi ya Marekani pamoja na shirika la Global Fishing Watch walitangaza mashindano yaitwayo xView3. Washindani walipewa picha za Sentinel-1 zilizokaribia 1,000, nyingi zikiwa za bahari za Ulaya na za Afrika Magharibi, wakatakiwa watengeneze kompyuta itakayoweza kuzitafuta meli za uvuvi katika picha hizo.

Walakini kufundisha kwa mifano kuna hatari zake, na hatari hizo zilijulikana mapema. Katika miaka ya 1990 Wamarekani walipiga picha za rada za vifaru na magari mengine ya vita, wakazitoa kwa wataalamu ili wazifundishie mashine. Mashine nyingi zilifaulu vizuri sana. Baadaye ikagunduliwa kwamba gari laweza kukisiwa hata likiondolewa katika picha, kwa sababu kila namna ya gari ilikuwa imepigwa picha mahali pake, na ardhi yenyewe ilitosha kutoa dalili. Ni kama mwanafunzi aliyekariri mpangilio wa majibu badala ya kujifunza hesabu. Akipewa mtihani mwingine, hushindwa. Vivyo hivyo kompyuta iliyofundishwa kwa meli za bahari za Ulaya yaweza kukosea ikiletewa bahari ya Kwale, yenye vyombo vya umbo jingine na miamba ya namna nyingine.

Tena liko kosa lililo katika rada yenyewe. Kwa kuwa picha huundwa kwa kuhesabu mwendo wa setilaiti, chombo nacho kikiwa katika mwendo huivuruga hesabu hiyo. Meli iendayo mwendo wa noti 10 kuielekea rada, au kuiacha, huonekana kama nusu kilomita kando ya mahali ilipo hasa. Katika picha mtu huona mkuza wa maji uliotifuliwa na meli uko mahali pake, na meli yenyewe iko kando, kama gari-moshi lililoacha reli zake. Ofisa asiyejua jambo hili aweza kuipeleka boti ya doria mahali pasipo na kitu.

Meli zisizojitambulisha

Pamoja na makosa hayo, kazi iliyofanywa na rada si ndogo. Kwa sheria ya kimataifa, kila meli ya tani 300 au zaidi isafiriyo kati ya nchi na nchi yapaswa kuchukua mtambo wa redio utangazao jina lake, mahali ilipo na mwendo wake. Vyombo vingi vya uvuvi havibanwi na sheria hiyo, kwa hiyo vingine havina mtambo huo. Vingine vinao, lakini nahodha huuzima atakapo. Wavuvi wa pwani wamenung'unika miaka mingi kwamba meli kubwa huja kuvua jodari katika maji ya Kenya na kuondoka, pasipo mtu kujua zilitoka wapi wala zilichukua kiasi gani. Mvuvi wa Gazi asemaye kwamba usiku aliona taa nyingi upande wa mashariki hakuwa na cha kuthibitisha neno lake.

Januari 2024 jarida la wataalamu la Nature lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa na Global Fishing Watch na wenzao. Walikusanya picha za setilaiti za tangu mwaka 2017 hata 2021, za rada na za kawaida, zenye uzito wa gigabaiti milioni 2. Kompyuta ikatafuta kila chombo, kisha vyombo vikalinganishwa na matangazo ya redio yaliyopokewa saa zile zile. Ikaonekana kwamba, katika meli kubwa za uvuvi duniani, baina ya 72 na 76 kwa kila 100 hazikuonekana katika orodha za watu wote. Sehemu kubwa ya meli hizo zilikuwa katika bahari zinazozunguka Afrika na Asia ya kusini.

Yafaa kulisoma jambo hilo kwa uangalifu. Meli isiyojitangaza si lazima iwe mwizi. Nchi nyingine haziwalazimishi wavuvi wao kuuchukua mtambo huo, na huenda meli ikawa na leseni yake halali. Rada hutoa shuku, na shuku haitoshi kumhukumu mtu. Ili jambo liwe na nguvu mbele ya hakimu, hapana budi chombo cha doria kiende, watu wapande melini, wasome vyeti na kuangalia samaki waliomo. Kazi hiyo katika maji ya Kenya imo mikononi mwa Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyozinduliwa Mombasa tarehe 19 Novemba 2018, pamoja na idara ya uvuvi. Faida ya rada ni kwamba yaweza kuwaonyesha mahali pa kwenda, wasichome mafuta bure wakizunguka bahari iliyo wazi.

Kwa nini ngalawa haionekani

Sasa yafaa kuligeukia lile linalomhusu mvuvi mwenyewe. Picha ya kawaida ya Sentinel-1 ya bahari hizi haiwezi kutenganisha vizuri vitu vilivyokaribiana kupita mita 20 hivi. Ngalawa kwa kawaida haifiki mita 10. Kiwiliwili chake ni mbao, nazo mbao hurudisha mwangwi hafifu mno zikilinganishwa na chuma. Tena imelala chini, karibu sawa na maji, na tanga lake ni kitambaa, ambacho mawimbi ya rada hupita ndani yake kana kwamba hakipo. Bahari ikichafuka, mwangwi wa mawimbi ya maji huwa mkubwa kuliko mwangwi wa chombo chenyewe. Wataalamu wa uchunguzi uliotajwa wanakiri kwamba chombo kilicho chini ya mita 15 aghalabu hakionekani. Hata kompyuta yenye akili ya namna gani haiwezi kutambua kitu ambacho hakikurudisha mwangwi.

Zaidi ya hayo, katika uchunguzi huo waliondoa kila kilichoonekana ndani ya kilomita 1 kutoka ufuoni, kwa sababu mawe na miamba huidanganya mashine. Katika Diani na Tiwi, kilomita hiyo moja ndiyo hasa yenye maji ya ndani ya mwamba, ambamo watu wengi hutega malema, hutupa mishipi na hutafuta pweza. Kwa hiyo mtu akizitazama ramani hizo na kuiona pwani ya Kwale haina alama, asidhani kwamba hakuna wavuvi. Karani anayeandika taarifa ya mipango ya bahari naye aangalie asije akasema kwamba eneo fulani halitumiwi na mtu kwa sababu tu ramani ya setilaiti haikuonyesha chombo. Maneno ya namna hiyo yakiingia katika majalada ya serikali, yaweza kuwanyima watu bahari waliyoivua tangu babu zao.

Chukua mfano wa wavuvi wawili watokao Msambweni alasiri kwenda nje ya mwamba kuvua nguru. Mashine yao yaharibika usiku, na maji yawachukua kuelekea kaskazini. Setilaiti moja hurudi juu ya njia ile ile baada ya siku 12. Hata zikiwa mbili au tatu, huenda zisipite juu yao usiku huo wala kesho yake, na zikipita hazitawaona. Wakati huo huo wako katika njia ya meli ziendazo na kutoka Kilindini. Meli ya makasha ina rada yake yenyewe mlingotini, nayo hutazama bahari kila dakika, lakini rada hiyo pia huona chuma upesi na mbao kwa shida. Mtu wa zamu aliye juu sana ya maji haoni ngalawa isiyo na taa, na meli yenye uzito wa maelfu ya tani haiwezi kusimama kwa ghafula. Ile hatari ya kugongana gizani aliyotaka kuiondoa Bwana Hülsmeyer mwaka 1904 bado iko, nayo humwelea zaidi mwenye chombo kidogo.

Kona ya bati

Lakini kuna dawa ya sehemu ya ugonjwa huu, tena si ya gharama kubwa. Kama mtu atautupa mpira katika kona ya chumba, mahali zikutanapo kuta mbili na sakafu, mpira utagonga pande tatu na kurudi kule ulikotoka. Mawimbi ya rada nayo hufanya vivyo hivyo. Vipande vitatu vya bati au alumini vikiunganishwa mfano wa kona hiyo, kila kimoja kikikaa mraba na mwenziwe, mawimbi yatakayoingia humo yatarudi moja kwa moja kwa rada iliyoyapeleka. Chombo kidogo cha mbao chenye kona za namna hiyo juu ya mlingoti huanza kuonekana katika rada ya meli kama kitu chenye chuma ndani yake.

Mambo matatu yaangaliwe. La kwanza ni ukubwa: upande wa bati ukizidishwa mara mbili, nguvu ya mwangwi huzidi mara 16, kwa hiyo kuongeza kidogo huleta faida kubwa. La pili ni unyofu: bati likipindika, au pembe zikiwa si za mraba sawasawa, mwangwi hutawanyika na kazi hupotea. Fundi aliyezoea kutengeneza makasha aweza kuifanya, ila lazima aipime pembe, asikisie. La tatu ni mahali pa kuiweka: ifungwe juu kadiri iwezekanavyo, maana iliyolazwa ndani ya ngalawa hufichwa na mawimbi. Tena kona moja hutazama upande mmoja. Zinatakiwa kadhaa zilizopangwa pamoja ili chombo kionekane pande zote. Katika maduka ya vyombo vya baharini hupatikana zilizo tayari.

Kona hiyo humsaidia mvuvi mbele ya rada ya meli ipitayo karibu. Kwa setilaiti, kona ndogo ya mlingotini si ya kutegemewa, kwa sababu umbali ni mkubwa mno. Kwa mtu aliyepotea mbali, kifaa kifaacho zaidi ni kile kidogo cha redio kipelekacho ishara ya kuomba msaada kwa setilaiti za uokoaji. Mpango huo wa kimataifa, uitwao Cospas-Sarsat, ulianzishwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Urusi ya wakati ule, na watu wa kwanza waliokolewa kwa njia hiyo mwaka 1982. Rada humngoja mtu mpaka imwone, lakini kifaa hiki huita chenyewe. Bei yake ni kubwa kwa mvuvi mmoja, lakini si kubwa sana kwa kikundi cha wavuvi wachangao pamoja na kukipokezana kila waendapo mbali.

Kazi ya watu walio ufuoni

Katika pwani ya Kenya viko vikundi vya kusimamia fuo, vinavyojulikana kwa kifupi kama BMU, ambavyo viliwekewa kanuni za serikali mwaka 2007. Vikundi hivyo vipo katika bandari za wavuvi za Kwale, navyo huandikisha vyombo na watu. Daftari lao ndilo linaloweza kuijaza nafasi iliyoachwa wazi na rada. Chombo kikiwa na namba, na nahodha akiacha habari ya saa aliyoondoka, upande aliokwenda, watu aliowachukua na saa anayotazamia kurudi, hapo asiporudi watu hujua mapema pa kuanzia kumtafuta. Kituo cha uokoaji wa baharini kilichofunguliwa Mombasa mwaka 2006 hakiwezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyetoa habari kwamba amekosekana.

Daftari hilo hilo lafaa pia kwa zile meli zisizojitambulisha. Mvuvi anayeona meli kubwa ikivua mahali pasipostahili asitosheke na kusimulia barazani. Apeleke habari kwa karani wa kikundi, na karani aandike tarehe, saa, upande ulioonekana kutoka mahali panapojulikana, idadi ya taa, na kama meli ilikuwa ikienda au imesimama. Habari iliyoandikwa hivyo yaweza kulinganishwa na picha ya rada ya asubuhi ile au jioni ile. Nukta nyeupe pekee yaweza kuwa kosa la mashine, na neno la mtu pekee laweza kukataliwa. Lakini nukta na neno vikikutana mahali pamoja na saa moja, ofisa ana sababu ya kutosha kupeleka boti.

Ni kweli kwamba kuandika ni kazi ya kuchosha kwa mtu aliyerudi alfajiri na nyavu zilizolowa. Hata hivyo dakika tano za kalamu ni nafuu kuliko siku tano za kutafuta. Wenye watoto waliosoma wanaweza kuwapa kazi hiyo, na shule zilizo karibu na bahari zaweza kuwaonyesha wanafunzi picha za rada za pwani yao wenyewe, maana hazina bei. Mtoto wa Msambweni akiuona ufuo wake katika picha hiyo, akiona mabati yaking'aa na bahari ikiwa nyeusi, kisha akiitafuta ngalawa ya baba yake asiione, ataelewa somo hili upesi kuliko kwa maelezo mengi.

Usiku, basi, kabla chombo hakijasukumwa majini, nahodha ahakikishe kwamba taa inawaka, koti la kuelea liko kwa kila mtu, simu imefungwa vizuri isiingie maji, kona ya bati iko mlingotini, na jina lake limeandikwa katika daftari la ufuoni.